Godzilla wangu ameinama na mkia hauingii: nimeuziwa feki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, nakaa Tanga. Nilijichanga muda mrefu mpaka nikapata sanamu yangu ya kwanza kubwa ya Godzilla, lile dubwana la filamu za Japani: yule wa 1954 wa kampuni ya X-Plus, ile ya sentimita 30, mtumba kutoka Japani. Alipofika, mkia ulikuwa umetengwa ndani ya boksi. Nimeusukuma, umeingia nusu, umegoma. Sasa anasimama lakini ameinama mbele kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na nikimshika ananata kidogo. Rafiki yangu anasema nimeuziwa feki. Ni kweli? Joto la huku litamharibu? Na nikitaka wa pili nichague yupi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza acha kuusukuma huo mkia. Uchomoe, mlaze Godzilla wako ubavu juu ya taulo, usome mpaka mwisho kabla hujamgusa tena. Kwa hayo uliyonieleza sioni dalili hata moja ya feki. Mkia kugoma, mwili kuinama na ngozi kunata ni mambo matatu yenye mzizi mmoja, nao ni vinili yenyewe, ile plastiki laini aliyotengenezwa nayo. Ukijua inavyomiminwa utajua na dawa yake.

Wajapani huiita sofubi. Msanii hufinyanga umbo la kwanza, umbo hilo hunakiliwa kwa nta, na ile nta huzamishwa kwenye maji ya dawa yanayopitishwa umeme, shaba ikajijenga juu yake polepole mpaka ikawa ganda gumu. Nta ikiyeyushwa, inabaki kalibu ya shaba ya kipande kimoja, tupu ndani, yenye mdomo mmoja tu. Humo humiminwa vinili ya majimaji, nzito kama uji, kisha kalibu hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Vinili inayogusa shaba huiva na kushika. Ya katikati bado ni uji, nayo humwagwa irudi ndooni. Kalibu hurudishwa kwenye moto ili ganda lililobaki liive sawasawa, hupozwa majini, halafu fundi hubana ukingo kwa koleo na kulivuta umbo zima litoke kwa ule mdomo mwembamba likiwa bado na uvuguvugu. Kichwa chenye meno, mguu wenye kucha, vyote hujikunja vikapita, kisha hurudia umbo lake. Kila ninapoliwaza jambo hilo nashangaa upya.

Ndiyo sababu sanamu hizi ni tupu ndani na nyepesi kuliko zinavyoonekana. Ndiyo sababu pia zimegawanywa shingoni, mabegani, nyongani na mkiani, kwa kuwa kila kipande lazima kipate mdomo wa kutokea. Sasa tazama mwanzo wa mkia wako. Utaona ukingo mnene uliozunguka kama kola. Kola hiyo imefanywa makusudi iwe pana kuliko tundu la kiunoni, maana kazi yake ni kuingia na isitoke tena. Ikiwa baridi haipiti. Ukilazimisha, utapasua tundu au utakwangua rangi, na tundu lililopasuka halina fundi.

Mimi hutumia draya ya nywele. Iwashe kwenye joto la kati, iwe mbali na kola kiasi cha kiganja kimoja, uizungushe pande zote bila kutua mahali pamoja. Baada ya dakika moja hivi, ibonye kola kwa kidole gumba. Ikiwa bado inarudisha kidole kwa ukaidi, endelea. Ikibonyea kama ndewe ya sikio, iko tayari. Pasha kidogo na midomo ya tundu lenyewe. Kisha ikunje kola upande mmoja, uingize ukingo wa chini kwanza, halafu sukuma huku ukizungusha kidogo kidogo kulia na kushoto. Utausikia mkia ukiita «top» na utauhisi mkononi umekaa. Hapo una nusu dakika ya kuuzungusha mpaka mapezi ya mgongoni yashukie mkiani kwa mstari mmoja, kabla vinili haijapoa. Kama huna draya, tumia maji ya moto uyaweke kwenye bakuli, yenye moshi lakini yasiyochemka, uchovye kola peke yake. Usitumie jiko wala kiberiti kamwe.

Mkia ukishakaa, msimamishe umtazame kwa ubavu. Nadhani nusu ya kule kuinama itakuwa imeondoka palepale. Godzilla huyu hasimami kwa miguu miwili. Anasimama kwa mitatu, na mguu wa tatu ni mkia. Wewe ulimwingizia nusu, kwa hiyo sentimita ile iliyobaki nje ilikuwa ikimsukuma kiuno mbele. Vazi lenyewe la mwaka 1954, lile ambalo mwigizaji aliingia ndani yake kumcheza Godzilla, lilikuwa na shida ya mkia vilevile. Lilikuwa na uzito wa takriban kilo 100, ndani yake akiwamo Haruo Nakajima, na mkia ukiinuliwa kwa nyaya na mafundi waliokaa juu. Nakajima alikwenda bustani ya wanyama kuwatazama tembo wanavyotembea, akaichukua ile hatua nzito akaiingiza ndani ya vazi. Aliendelea na kazi hiyo mpaka filamu ya 1972. Msanii mzuri wa vinili hukuonyesha uzito ule katika magoti na katika namna mkia unavyogusa ardhi, kwa hiyo ukikosea kuukalisha mkia umeiondoa nusu ya kazi yake.

Kama bado anainama, basi vifundo vya miguu vililegea alipokuwa stoo au njiani. Vinili hukumbuka. Ukiipasha joto hupenda kurudi kwenye umbo la kalibu iliyomzaa, na wewe kazi yako ni kuisaidia tu. Pasha kifundo cha mguu mmoja kwa draya mpaka kilainike, kisha cha pili. Mrudishe wima, umpitishe nyuma kidogo kuliko unavyotaka, umshikilie hivyo huku ukimwagia maji ya barafu miguuni dakika mbili tatu. Maji yakiingia ndani si tatizo, atakauka. Usimwachie akiwa na joto, ataanguka tena na safari hii atajifunza kuinama.

Sasa kunata. Bomba gumu la maji la plastiki lililo nyumbani kwenu ni PVC, na Godzilla wako ni PVC ileile. Tofauti yao ni kilainishi, mafuta ya kikemikali yaliyochanganywa ili vinili iwe laini. Mafuta hayo hayakai ndani milele. Mwaka hadi mwaka hutambaa kuja juu ya ngozi, na sanamu ikifungwa mahali pasipo hewa yanabaki hapohapo yakinata na kushika vumbi. Mtumba wowote uliokaa kwenye boksi miaka kadhaa unaweza kufika hivyo. Changanya maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, chukua mswaki laini mpya, umsugue taratibu kufuata mikunjo ya ngozi, umsuuze, umkaushe kivulini mahali penye upepo. Baada ya miezi michache atanata tena kidogo, umwoshe tena. Spiriti, thina, petroli na asetoni zikae mbali naye. Zote hula rangi.

Mafuta hayo yana ubaya mwingine ambao nimeulipia mwenyewe. Nilirudi Mombasa kutoka Japani na Rodan wangu, dubwana jingine la filamu hizo, lenye mabawa, sanamu niliyoipenda kuliko zote. Nikamfungia kwa lile povu jeupe la kufungashia televisheni, nikamfunga tena kwa mfuko, nikamweka juu ya kabati. Nilimfungua baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Povu lilikuwa limeyeyukia kwenye bawa la kushoto. Lilikuwa limeshika mle mle kwenye mishipa ya bawa, na nilipolibandua lilitoka na rangi. Lile povu ni polistirini, na kilainishi cha vinili huiyeyusha. Kwa hiyo, povu jeupe lisimguse hata siku moja. Asikae juu ya plastiki ngumu ya kung'aa kwa miaka, wala juu ya mbao iliyopigwa vanishi mpya. Kioo ni kizuri. Kama rafu yako ni ya mbao, kata kipande cha kioo au hata karatasi nene nyeupe, uweke chini ya nyayo na chini ya mkia.

Umeuliza kuhusu joto la Tanga. Joto la chumba halimuui, mimi nimewaweka wangu Mombasa miaka mingi na wamesimama. Kinachomuua ni jua la moja kwa moja, joto la chini ya mabati yasiyo na dari, na gari lililoegeshwa juani. Jua hufanya vinili ya rangi nyepesi iwe ya manjano, na hupausha rangi iliyopakwa juu. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, chunguza miguu yake mara moja kwa wiki. Ukiona kifundo kimeanza kukunjika, mlaze chali juu ya kitambaa mpaka hali ya hewa ipoe. Kabati la kioo linafaa kwa vumbi na chumvi ya baharini, ila acha mlango wazi kidogo au toboa nyuma ipite hewa, na usiweke humo balbu inayotoa joto.

Tuje kwa rafiki yako na neno lake la feki. Feki zipo, lakini hazitambuliwi kwa kunata. Anayenakili hutengeneza kalibu kutoka kwenye sanamu iliyokwisha kutoka kiwandani, na vinili husinyaa kidogo inapopoa. Nakala kwa hiyo huwa ndogo kidogo kuliko ya asili, na makali yake yamefifia. Shika tochi ya simu, izime taa ya chumba, uangaze ubavu wa Godzilla wako kutoka pembeni. Ngozi ya 1954 haina magamba ya samaki wala ya mamba; ni matuta na mifereji, na watu wengi wameiona kuwa inafanana na makovu ya waliochomwa na bomu la atomiki. Kwenye sanamu ya kweli kila mfereji una kivuli chake, kucha zina ncha, meno yanahesabika, na ndani ya kinywa rangi haijamwagikia mdomoni. Kwenye feki utaona kama sabuni iliyotumika. Geuza nyayo na boksi vilevile, utafute alama ya haki ya Toho, kampuni iliyotengeneza filamu. Ukiyaona hayo yote, mwambie rafiki yako aje amtazame kwa tochi.

Swali lako la tatu ndilo lililonifurahisha, ingawa nina ombi. Usiulize «Godzilla yupi», uliza «vazi lipi». Toho waliunda mavazi mapya tena na tena, na wapenzi wa Japani wamelipa kila moja jina. La 1954 ni ShodaiGoji, yaani wa kwanza. La 1962, alipopigana na King Kong, ni KingGoji. La 1964, alipopambana na Mothra, yule nondo mkubwa, ni MosuGoji. La 1989 ni BioGoji. Majina haya ndiyo utakayoyatumia kutafuta na kuuliza bei, na ukiyajua macho yako hubadilika. Wako ana masikio madogo na vidole vinne kila mguu. KingGoji hana masikio, ana vidole vitatu, mwili wake ni mnene na kichwa ni kama cha mjusi. Mwaka 1984 masikio na kidole cha nne vilirudi. Mtu akikuonyesha sanamu ya vidole vitatu akasema ni ya 1954, hujafika hata kwenye tochi, umeshajua.

Urefu pia usikubabaishe. Neno «sentimita 30» ni la sanamu, si kipimo cha dubwana. Wa 1954 alikuwa wa mita 50, akiwa juu ya mji ambao sheria haikuruhusu majengo yazidi mita 31. Aliporudi mwaka 1984 Tokyo ilikuwa imeota maghorofa marefu, akapewa mita 80 ili asipotee kati yao. Mwaka 1991 akafika 100, na yule wa 2016 ana mita 118.5. Yule wa filamu ya 2023, iliyopata Oscar ya athari za picha mwaka 2024, akarudishwa kwenye mita 50.1. Ukiwapanga wote rafuni kwa kimo kimoja, unapanga mavazi na wasanii. Ni sawa kabisa, ndivyo wengi wetu tunavyofanya.

Kwa mtu wa Pwani mwenye sanamu moja, wa pili ningemchagua MosuGoji wa 1964. Nyusi zake zimeshuka juu ya macho, anakutazama kwa hasira ambayo hakuna vazi jingine lililoipata, na kwenye filamu mdomo wake wa juu unatikisika anapotembea. Mpangilie karibu na ShodaiGoji wako. Yule wa kwanza ana uso wa mnyama aliyeumizwa, huyu wa pili ana uso wa adui anayekujua. Tena ana umbo lililotulia, mapaja mapana na mkia unaobeba, kwa hiyo joto halitamsumbua. Ukiona jina la Yuji Sakai kama msanii wa sanamu yoyote ya Godzilla, simama uitazame vizuri. Ameyasoma mavazi haya kwa miaka mingi, na huwa anakupa dakika fulani ya filamu, namna kichwa kilivyogeuka na mkono ulivyoinuka.

Wapo ambao ningekuomba uwasubirishe. King Ghidorah ni mzuri wa kutisha, lakini ana vichwa vitatu na mabawa mawili juu ya miguu miwili, na uzito wote uko juu; kaskazi moja inatosha kumlegeza. Wa 2016 ana mkia mrefu kuliko mwili wake, na rafu ya kawaida haimtoshi. Zile sanamu kubwa zaidi ambazo X-Plus huziita Gigantic huingia macho mara moja, ila kila unavyoongeza kimo ndivyo vifundo vinavyobeba zaidi, na boksi lake litakuumiza kwenye nauli.

Nauli ndiyo inayowaangusha wengi. Sanamu ni tupu, haina uzito, lakini wasafirishaji wengi hutoza kwa ukubwa wa boksi, na forodha hukokotoa ushuru na VAT juu ya bei pamoja na nauli na bima. Kwa hiyo ukitumia wakala wa Japani wa kukununulia mnadani, mwombe kabla ya kulipa akupe vipimo vya boksi, si kilo peke yake. Usikubali atupe boksi la asili ili kupunguza ukubwa kama una nia ya kuuza siku moja. Omba picha nne: nyayo, tundu la mkia, uso kwa karibu, na ubavu mzima akiwa amesimama. Ukiona kwenye maelezo neno «janku», muuzaji anasema anauza kama kilivyo na harudishi pesa. Uliza pia kama nyumba ilikuwa ya wavuta sigara, maana harufu ile huingia kwenye vinili isitoke. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: ukishampata muuzaji mmoja mwaminifu, rudi kwake hata kama bei yake imezidi kidogo.

Utakutana pia na matoleo mawili ya sanamu ileile, la kawaida na la duka la Shonen Ric, ambalo mara nyingi huja na kipande cha ziada na bei ya juu. Kwa sasa chukua la kawaida. Uso ni uleule na mkono wa msanii ni uleule. Na kabla hujalipa bei kubwa kwa toleo lililoisha, subiri kidogo, kwani viwanda hurudia kutoa sanamu zilizopendwa, na siku tangazo likitoka bei ya mtumba hushuka.

Usinunue huyo wa pili wiki hii. Msimamishe kwanza huyu ulionaye, umwoshe, umwekee kioo chini, umwache wiki tatu. Kisha nitumie picha mbili za ubavuni, moja ya siku ya kwanza na moja ya siku ya ishirini na moja, zote kutoka mahali pamoja, ukiwa umeweka rula wima nyuma yake. Nitaona kama vifundo vimeshika au vinataka kupashwa tena.